Marehemu wa Behewa la Tatu

Bwana Ramani aliichukia treni kwa moyo wake wote, na kwa muda wote alioipanda. Alifanya kazi mjini, katika ofisi inayopitisha ramani za nyumba kabla hazijajengwa, na kila asubuhi ya kazi ilimkuta kwenye stesheni ya mtaani kwao, suti ya kijivu, gazeti kwapani, uso umekunjamana kama risiti iliyofuliwa ndani ya mfuko. Jioni akirudi, kabla hata hajavua viatu, mkewe alikuwa ameshasikia yote: treni imechelewa, treni imejaa, huyu kamkanyaga, yule kamkoholea shingoni.

"Tunabanwa mle kama ng'ombe," alikuwa akisema. "Na ng'ombe wana nafuu, hawapigi soga."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, alishonea nyumbani. Aliitikia "pole" bila kutoa pini mdomoni. Pole hiyo ilitumika miaka na miaka mpaka ikapauka.

"Siku nitakayostaafu," aliapa mara nyingi, "sitaki hata kuisikia honi yake."

Akastaafu. Ofisini wakamkatia keki, wakamwimbia, wakamsindikiza mpaka mlangoni kwa mwendo wa haraka kidogo kuliko adabu inavyotaka. Jina la Bwana Ramani alipewa na watu wengi ambao ramani zao alizirudisha kwa sababu mlango wa choo ulichorwa unafungukia upande asioupenda. Akapanda treni kwa mara ya mwisho, akailaani kwa mara ya mwisho, akaingia ndani kwake kula pensheni kwa amani.

Amani haikukaa. Mtu aliyezoea kukosoa hana likizo. Alianza na jikoni, akampangia mkewe sufuria kwa ukubwa, kisha kwa umri. Akahamia kwenye cherehani. Alisimama nyuma ya mkewe, mikono mgongoni, akitazama sare za shule zikishonwa: mfuko huu umepanda, ule umeshuka. Wateja waliokuja kupimwa nguo waliambiwa na mwenye nyumba kwamba wamenenepa. Mkewe akamwomba Mungu ampe mumewe shughuli, shughuli yoyote, mradi iwe ndani ya chumba chenye mlango. Mungu akasikia, ila bila shaka siku hiyo naye alikuwa na hamu ya mzaha.

Alitumwa kununua zipu. Njiani akapita mbele ya duka la vitu vilivyotumika, na kwenye kioo, katikati ya pasi zilizokufa na fremu zilizopinda, akaona treni ya mfano: kichwa na mabehewa mawili, buluu, na mstari wa rangi ya maziwa chini ya madirisha. Ilikuwa treni yake. Ilikuwa ileile, imefupishwa mpaka behewa moja likawa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Hata mlango wa mbele, ambao katika treni ya kweli ulikuwa haufungi sawasawa, hapa nao haukufunga. Bwana Ramani aliingia, akaishika, akaigeuza, na machozi yakamtoka mbele ya mwenye duka, ambaye alipoyaona alipandisha bei.

Alirudi nyumbani amekumbatia kifurushi kama mtu aliyetoka nacho wodi ya wazazi.

"Zipu iko wapi?" mkewe akauliza.

"Mama watoto, tazama kwanza."

Mkewe akatazama. "Si ndiyo ile uliyokuwa ukiiita jeneza la bati?"

"Hukunielewa. Yale yalikuwa mapenzi."

Mkewe akachomeka pini nyingine kwenye kitambaa. Kama yale ndiyo yalikuwa mapenzi, basi kulikuwa na mambo katika ndoa yake yaliyohitaji kufikiriwa upya.

Mabehewa yakazaana. Yalianza kwenye kabati la vyombo, sahani zikahama. Yakashuka kwenye meza ya kulia, watu wakala sahani zikiwa mapajani. Mwishowe yakaingia chumba cha wageni, kitanda kikatoka, na meza ya mbao ikazungushwa ukutani kutoka mlango hadi dirisha. Juu yake Bwana Ramani akaijenga upya njia nzima ya reli, kuanzia stesheni ya mtaani kwao mpaka stesheni kuu mjini. Mdogo wa mkewe alipokuja kuuguza goti lililopasuliwa, alilazwa kwenye kochi la sebuleni, miguu ikining'inia.

"Shemeji," alisema yule mgonjwa kwa upole, "hata mimi ni abiria."

"Gundi ya daraja haijakauka," Bwana Ramani akajibu, akaona ameeleza vya kutosha.

Tusimdhulumu. Mikono alikuwa nayo. Kutu ya daraja la waenda kwa miguu aliipaka kwa masalia ya kahawa, na ungeapa kwamba ukiigusa itakuachia vumbi kidoleni. Mfereji wa paa uliokuwa ukivuja pale stesheni, kwake nao ulivuja: alidondosha vanishi chini yake, ikakauka ikawa dimbwi linalong'aa. Saa ya stesheni kuu aliiweka imesimama, kama ilivyokuwa siku zote. Mwanamume huyu, ambaye hakujua shati lake linakaa droo gani, alijua bango la sabuni lilichanika upande gani.

Akajiunga na chama cha wakusanya treni za mfano. Kilikuwa na wanachama wanne, wote wastaafu, na walikutana nyumbani kwa daktari wa meno aliyekuwa mwenyekiti kwa sababu viti ni vyake. Daktari alikusanya treni za kitajiri, zenye mabehewa ya kulala na mapazia ya hariri, ambazo hajawahi kupanda hata moja. Fundi saa alikusanya vichwa vya treni peke yake. Mabehewa aliyaona ni kelele. Bwana Ramani na fundi saa waligombana juu ya ile buluu, kama ni buluu ya wino au buluu ya bahari, na wazee wawili wenye wajukuu wakapitisha majuma bila kusalimiana.

"Nyie mnakusanya treni za wafalme," Bwana Ramani aliwaambia siku moja, akisimama ili maneno yapate urefu. "Mimi nakusanya treni ya watu. Sisi wa behewa la tatu tulikuwa familia moja. Tulijuana. Tulijaliana."

Maneno yalimpendeza. Akayarudia nyumbani, akayarudia kwa muuza maziwa, akayarudia kwa shemeji kwenye kochi, ambaye hakuwa na pa kukimbilia.

Mkasi wa mkewe ukasimama katikati ya kitambaa. "Familia gani? Wale ng'ombe?"

"Lugha ya mtu aliyechoka hiyo. Usiishike."

Akaanza kutengeneza abiria. Behewa la tatu lilikuwa na paa linaloinuka, na ndani yake, kwa udongo wa kufinyangia na brashi yenye unywele mmoja, akawapanga kama alivyowakumbuka. Mwalimu mwenye mwavuli. Wasichana wawili wa benki waliokuwa wakipokezana rangi moja ya midomo. Bwana wa mfuko wa spana. Mkunga wa hospitali, aliyebeba viatu vyake vyeupe ndani ya mfuko wa plastiki. Na katikati, ameshika mkanda wa juu, akasimama Bwana Ramani mwenyewe. Tumbo lilikuwa bapa. Nywele zilijaa. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa kuelekea kiti kitupu, ukimkaribisha mwanamke mjamzito aketi.

Mkewe aliinama akatazama kwa muda.

"Huyu nani?"

"Ni mimi."

"Nywele umezitoa wapi?"

"Kwa ukubwa huu," akasema Bwana Ramani, "nywele ni ngumu kuzipima."

Ndipo chama kikapewa ukumbi wa maktaba kufanya maonyesho Jumamosi moja. Daktari alitangaza kwamba treni yake ya mapazia itakaa katikati. Bwana Ramani hakulala kwa hasira, na alipoamka alikuwa na wazo: ataleta mashahidi. Treni za daktari zilikuwa na hariri, lakini zina abiria gani aliye hai wa kuzisemea? Akabandika tangazo stesheni, kwa hati yake nzuri ya ofisini, akiwaomba wote waliosafiri katika behewa la tatu zamani zile wajitokeze, "kwa ajili ya kuenzi undugu wetu."

Akajitokeza mmoja. Alikuwa yule mkunga, amestaafu naye, mama mnene mwenye sauti tulivu ya mtu aliyeona watu wengi wakiingia duniani na hakushangazwa na hata mmoja. Alikuja alasiri. Mkewe Bwana Ramani akaandaa chai, na Bwana Ramani akamwongoza mgeni hadi chumba cha wageni kama anamwingiza kanisani.

Mkunga alitazama kila kitu na kila kitu kilimfurahisha. Akacheka kuona bango la sabuni. Akaweka kidole karibu na dimbwi la vanishi akasema, "Hapa ndipo nilipoteleza." Bwana Ramani akawa anapanuka kifuani kama mkate tanurini. Akainua paa la behewa la tatu. Mkunga akavaa miwani.

"Mwalimu huyu. Hawa wasichana wa benki. Jamani, na mimi na viatu vyangu." Akasogea karibu. "Na huyu aliyesimama ni nani? Simkumbuki."

"Ni mimi huyo, mama."

Mkunga akamtazama Bwana Ramani. Akamtazama mtu wa udongo. Akamrudia Bwana Ramani, na safari hii alimtazama kwa kuinamisha kichwa upande, kama mtu anayejaribu kumtambua aliyelala.

"Hebu fumba macho," akasema.

Bwana Ramani, bila kujua kwa nini, akafumba.

"Ala, kumbe ni Marehemu," akasema mkunga.

Mkewe Bwana Ramani alikuwa amefika mlangoni na sinia. "Marehemu nani?"

"Ndivyo tulivyokuwa tukimwita. Hatukujua jina lake, tungemwitaje?" Mkunga alizungumza bila kinyongo, kama anayesimulia habari za mtaa. "Yeye alipandia mwanzo wa njia, kiti cha dirishani. Tumboni gazeti. Akiona mzee anaingia, au mama mwenye mtoto, huyo, amekata roho. Mimi mwenyewe nilisafiri na mimba ya kwanza, nikasafiri na ya pili. Nilisimama mbele yake tumbo likamfika puani. Nikakohoa. Nikadondosha funguo. Mwalimu akamgusa bega kwa mwavuli. Wapi. Mwalimu akasema, tumwombee tu. Tukifika stesheni kuu, anafufuka, ananyoosha tai, wa kwanza mlangoni."

Mkewe aliweka sinia juu ya stesheni ya tatu ili vikombe visimwagike kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha, ghafla, akaacha kucheka, akamtazama mumewe kwa namna ambayo yeye hakuipenda.

"Kazi ya ramani inachosha macho," alisema Bwana Ramani.

"Bila shaka," akasema mkunga. "Mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku."

Akanywa chai yake, akala keki, akasifu tena ile kutu. Alipoaga alisema atawaambia na wenzake, maana bado huonana, na wangefurahi sana kujua kwamba Marehemu yu mzima.

Nyani haoni kundule. Badala ya kuona haya, Bwana Ramani aliona amekosewa. Alijifungia chumbani, akachukua kibanio, akamng'oa mkunga wa udongo behewani, akamgundisha kwenye stesheni ya mbali, upande ambao treni haisimami. Hakuridhika. Kila akiinua paa alimwona yule muungwana mwenye nywele amenyoosha mkono, na kila akimwona alisikia funguo zikidondoka. Mwishowe akalitoa behewa la tatu lote, akalificha kabatini chini ya mashati. Maonyeshoni treni itakwenda bila hilo. Nani angejua?

Jumamosi ilifika. Daktari alivaa tai ya kipepeo, na treni yake ya mapazia ikawa inazunguka katikati ya ukumbi. Bwana Ramani alipewa pembe karibu na mlango wa choo, akaiendesha njia yake bila furaha. Watoto walipita, wakatazama kidogo, wakaenda kuona mapazia.

Kabla ya saa sita wakaingia: mkunga mbele, mwalimu nyuma yake akitembelea mkongojo, na mmoja wa wale wasichana wa benki, sasa bibi mwenye mvi na rangi ya midomo ya kwake peke yake. Walijipanga mbele ya meza wakatazama treni ikipita.

"Behewa la tatu liko wapi?" akauliza mwalimu.

"Limeondolewa kwa matengenezo," akasema Bwana Ramani.

Wote watatu wakacheka, maana ndilo jibu walilopewa na reli maisha yao yote. Lakini nyuma yao ikasikika sauti ya mkewe: "Matengenezo yamekwisha."

Alikuwa ameshika mfuko wake wa kushonea. Akatoa humo behewa la tatu, akaliweka juu ya reli, akainua paa.

Mkunga wa udongo alikuwa amerudi mahali pake. Yule muungwana wa nywele hakuwepo, wala yule mjamzito aliyekuwa akimkaribisha. Kwenye kiti cha dirishani alikuwa ameketi mtu mwingine, wa waya uliozungushiwa uzi, amevaa suti ya kijivu iliyokatwa kutoka kwenye pindo la suruali ya kijivu iliyojulikana sana nyumbani. Utosi ulikuwa wazi. Gazeti lilikuwa tumboni. Kichwa kimeegemea kioo, macho yameshonwa kwa mshono mmoja mmoja, na mdomo umeachwa wazi kidogo, kwa ustadi wa mtu ambaye amelala kitanda kimoja na mdomo huo tangu ujana.

Mwalimu akatoa leso. "Ni yeye. Ni yeye kabisa. Hata mdomo."

Kicheko cha watu watatu hao kiliwavuta wengine. Watoto wakarudi mbio, wazazi nyuma yao, na mkunga akawa anasimulia upya kwa kila aliyefika: hapa alikuwa Marehemu, hapa nilisimama mimi, hapa zilidondoka funguo. Treni ya daktari ikabaki inazunguka peke yake na hariri zake.

Masikio ya Bwana Ramani yalikuwa ya moto. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini mama mmoja akamuuliza, "Wewe ndiye uliyetengeneza haya yote?" na alipoinua macho aliona ukumbi mzima uko upande wake, na daktari anapangusa mapazia ambayo hayana vumbi. Akausikia mdomo wake ukisema, "Ndimi. Karibuni, msiguse tu."

Nusu saa baadaye alikuwa anatoa mafunzo. "Siri ni pumzi," aliwaeleza watu. "Mtu wa kawaida anafumba macho kwa nguvu, kope zinacheza, anajulikana mara moja. Unatakiwa uyaachie yashuke yenyewe. Na mdomo usiufunge. Aliyefunga mdomo yuko macho."

"Kwa hiyo ulikuwa macho," akasema mwalimu, taratibu.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa behewa moja. Bwana Ramani akafungua mdomo, akaufunga, akaona amevunja kanuni yake mwenyewe, akageuka kurekebisha swichi ambayo haikuwa na kasoro.

Jioni, sebuleni, maboksi yakiwa bado hayajafunguliwa, mkewe aliketi kwenye kochi lililoachwa wazi na shemeji, akavua viatu.

"Kumbe ulikuwa unasikia," akasema.

"Nilikuwa nasikia."

"Zile funguo?"

"Hata funguo."

Mkewe akajikanda mguu. "Unakumbuka nilipokuwa na mimba ya binti yetu, nikawa naenda kliniki mjini? Nilipanda treni ya njia ileile, ile inayofuata yako. Siku moja nilisimama njia nzima. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume amefumba macho, mzima wa afya. Nilimtazama mpaka tukafika. Nikasema moyoni, huyu mkewe, popote alipo, ana kazi." Akaushusha mguu. "Jioni nikakuhadithia. Ukaniambia watu wa siku hizi hawana utu. Nikakuona mtu mwema."

Udhuru wa macho kuchoka Bwana Ramani alikuwa ameshautumia. Akabeba maboksi mawili kwenda chumba cha wageni, akakaa huko muda mrefu, na mkewe hakwenda kumwita chakula kilipoiva.

Asubuhi yake mkewe alimkuta amejikunja juu ya meza, miwani puani, brashi ya unywele mmoja mkononi. Katika behewa la tatu, mbele ya yule wa waya, alikuwa amesimamisha mtu mpya wa udongo: mwanamke, gauni la maua madogomadogo, mkono mmoja umeshika mkanda, mwingine kiunoni. Maua yalikuwa sahihi. Gauni lile mkewe alikuwa amelishona mwenyewe.

Aliinama akalichunguza kama anavyochunguza pindo la mwanagenzi.

"Tumbo lilikuwa kubwa kuliko hivi," akasema.

Bwana Ramani akamega udongo kidogo, akaongeza.

"Bado."

Akaongeza tena. Mkewe akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake, na kutoka huko akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kabla ya mwisho wa mwezi anataka kitanda cha wageni kirudi mahali pake, hata kama ni chini ya daraja.